Darasa langu linajaa, la mwenzangu lina alama: mkuu anasema mimi "nalea" tu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika sekondari ya kata, mkoa wa Lindi. Nina miaka minne kazini. Kidato cha Kwanza chetu mwaka huu kina mikondo miwili. A nafundisha mimi, B anafundisha kaka mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi. Namheshimu, na sikuandika barua hii ili kumsema.

Kilichonisukuma ni matokeo ya mtihani wa katikati ya muhula. Mwalimu wa taaluma aliyabandika ubaoni: mkondo A waliofaulu ni asilimia 41, mkondo B asilimia 64. Kwenye kikao cha walimu mkuu wa shule akasema mbele ya wote kwamba mimi "nalea" na mwenzangu "anafundisha". Mwakani Kidato cha Pili chote atapewa yeye kwa sababu kuna upimaji wa kitaifa. Mimi nitabaki na wapya wa Kidato cha Kwanza, pamoja na kazi ya malezi.

Mwalimu, darasa langu halina maajabu. Ninachojua ni kwamba linajaa. Kwenye rejista nina wanafunzi 58, na siku ya mtihani walikaa 54. Mkondo B wako 57, wakafanya 36. Watoto wa B asubuhi wanakuja, paredi wanasimama, majina wanaitikia. Ikifika kipindi cha Hisabati utawakuta nyuma ya vyoo, au wameshakatiza kuelekea mikoroshoni. Nilimuuliza mmoja, akaniambia, "Madam, mimi hesabu siwezi. Sasa nikakae mle nichapwe kila siku kwa nini?" Kaka huyo huchapa kwa kila swali lililokosewa, na aliyechelewa anapiga magoti nje mpaka kipindi kiishe. Lakini mvivu siye. Hakosi kipindi, anasahihisha madaftari yote, na Jumamosi anakuja kufundisha rimidio bila kulipwa senti.

Mimi nafanya vitu vidogo tu. Nikiingia naangalia nani hayupo kabla sijafungua kitabu. Aliyekosa jana namuuliza alikuwa wapi, kisha namkalisha na mwenzake aliyeandika somo. Swali la kwanza ubaoni huwa jepesi, ili hata wa mwisho alipate. Mtoto akijibu kwa Kiswahili simkatizi, napokea jibu kwanza, Kiingereza tunakitafuta baadaye pamoja. Wazazi nawapigia jioni kwa vocha yangu mwenyewe.

Sasa korosho zimeanza kudondoka. Kuna binti wa mkondo wangu, mtulivu, anaishi kwa mjomba wake. Ameniomba siku za kuokota nimwandike "yupo", maana akionekana mtoro mara nyingi ataitwa ofisini na mjomba atakasirika, na anaogopa ataachishwa shule kabisa. Sijamjibu.

Je, najidanganya? Nianze kuwa mkali kama mwenzangu ili nibaki na watoto wangu mwakani? Na huyu binti nimwambie nini?

Madam wa mkondo A

Mwalimu mstaafu anajibu

Marahaba, mwanangu.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilitafuta kalamu. Wewe na mwenzako wote ni watu wa Hisabati, na nimestaajabu kwamba kikao kizima kiliondoka na asilimia zile bila mtu kuuliza ni asilimia ya nini. Asilimia 41 ya 54 ni watoto 22. Asilimia 64 ya 36 ni watoto 23. Sasa ligawe jibu hilo kwa waliomo kwenye rejista badala ya waliokaa kwenye mtihani. Wewe 22 kwa 58, asilimia 38. Yeye 23 kwa 57, asilimia 40. Mko sawa, amekupita mtoto mmoja. Lile pengo kubwa lililobandikwa ubaoni limetengenezwa na watoto 21 wa mkondo B ambao hawakuwepo chumbani. Hawakufeli, hawakufaulu, hawakuhesabiwa. Mwalimu yeyote anaweza kupandisha wastani wake kwa njia hiyo, hata bila kukusudia: akiwakimbiza wanyonge, waliobaki watapendeza.

Usishangilie bado, maana mwamba ngoma huvutia kwake na barua yako imekuvutia kidogo. Wewe ulikuwa na watoto 18 zaidi ndani ya chumba cha mtihani, na bado waliofaulu kwako si wengi kuliko kwake. Maana yake unawaleta, wanakaa, wanakupenda, na wengi wao wanatoka wakiwa hawajui kutatua mlinganyo. Hilo nitalirudia.

Kwanza nijibu kama unajidanganya. Hapana. Jambo unalolifanya limepimwa, tena na watu makini. Marekani, watafiti Jing Liu na Susanna Loeb walichukua rejista za wilaya moja ya mjini huko California, za shule za ngazi inayolingana na sekondari yetu. Uzuri wa rejista zile ni kwamba zilionyesha mahudhurio ya kila kipindi, si ya asubuhi tu. Kwa hiyo waliweza kumwona mtoto yule yule akiingia kwa mwalimu huyu na kumkwepa yule. Waligundua kwamba walimu wanatofautiana sana katika kuwafanya watoto waingie darasani, na kwamba tofauti hizo si za bahati nasibu, zinadumu kwa mwalimu yule yule kwa kiwango sawa na tofauti za kupandisha alama. Wakagundua pia kwamba mwalimu hodari wa kuvuta watoto na mwalimu hodari wa kupandisha alama mara nyingi si mtu mmoja. Uhusiano wa mambo hayo mawili ni hafifu.

Kisha wakatazama mbele, nani alimaliza sekondari. Mwalimu anayewafanya watoto wahudhurie alikuwa na nguvu kubwa zaidi katika kuwafikisha watoto mwisho wa shule kuliko yule anayepandisha alama. Na walionufaika zaidi ni wale wenye alama za chini na utoro mwingi, yaani hasa watoto ambao mkondo B wanajificha nyuma ya vyoo.

Mchumi Kirabo Jackson, katika utafiti wake uliochapishwa 2018 kuhusu darasa la 9 huko North Carolina, alifika karibu na hapo kwa njia yake. Alipima athari za walimu kwenye alama za mtihani, na pembeni akapima athari zao kwenye utoro, kusimamishwa shule na kukariri darasa. Ukitaka kujua mwalimu gani anawasaidia watoto kumaliza sekondari, fungu hili la pili lilimwambia mengi kuliko alama. Darasa la 9 ni watoto wa miaka 14 au 15, umri wa hao wako.

California si Lindi, nalijua hilo. Kule hakuna msimu wa korosho wala mtoto anayetembea saa moja na nusu kabla ya paredi, na mtoto hafundishwi kwa lugha aliyoanza kuisikia juzi. Lakini hapa kwetu pia takwimu za elimu za serikali zimeutaja utoro mwaka hadi mwaka kuwa sababu kuu ya wanafunzi kuacha shule, mbele ya mimba ambayo ndiyo inayozungumzwa zaidi majukwaani. Mtoto wa sekondari ya kata haachi shule kwa siku moja. Anaanza kukosa kipindi kimoja, kisha siku za kipindi hicho, kisha wiki, na siku moja jina lake linapigwa mstari na hakuna anayeshtuka. Asiyefika Kidato cha Nne hana cheti cha kupeleka chuo cha kati wala cha kuombea polisi na jeshi. Yule mwenye daraja la nne la kuchechemea bado ana karatasi ya kuanzia mahali.

Kwa nini watoto wanaingia kwako na kumkwepa mwenzako? Wewe unadhani ni kwa sababu humchapi mtu. Naona ni zaidi ya hapo. Nimewahi kufanya kazi na walimu wasiogusa fimbo kabisa na madarasa yao yalikuwa matupu, kwa sababu walikuwa wanaingia dakika ya ishirini na kuacha notisi kwa kiranja ili ainakili ubaoni. Mtoto hupima haraka sana kama kuja kwake kunaleta tofauti. Utafiti mmoja wa shule za msingi katika nchi saba za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, uliochapishwa 2017, ulikuta walimu hawapo darasani asilimia 44 ya muda wanaopaswa kufundisha, na watoto wanafundishwa kama saa 2 na dakika 50 kwa siku, nusu na kidogo tu ya muda uliopangwa. Watoto wako wamelelewa kwenye shule za namna hiyo. Walipofika Kidato cha Kwanza walikuwa wameshazoea kwamba mtu akiwepo au asiwepo hakiharibiki kitu. Wewe ukiingia unatafuta sura iliyokosekana. Hapo umemwambia mtoto jambo ambalo pengine hajaambiwa na mtu mzima yeyote shuleni, kwamba nafasi yake ikiwa wazi inaonekana.

La pili ni lile swali jepesi la kwanza. Liendeleze. Mtoto anayekimbia Hisabati anakimbia aibu zaidi ya maumivu. Kiboko kinauma dakika mbili, lakini kusimama mbele ya wenzako huku hujui kinachoulizwa, tena kwa Kiingereza, kunauma mpaka jioni. Fimbo ya mwenzako inaviunganisha vyote viwili, ndiyo maana mtoto anapiga hesabu yake na kuona mikoroshoni ni salama zaidi. Lile la kumpigisha magoti mchelewaji nje ndilo baya kuliko yote. Mtoto aliyekwisha kuchelewa, akijua hataingia, anageuka njiani. Umemfundisha kwamba kuchelewa dakika kumi na kutokuja kabisa ni bei moja.

Kwa hiyo hapana, usiwe mkali kama mwenzako. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002, kama anazifahamu, zinampa mkuu wa shule mamlaka ya kuchapa, au mwalimu aliyekaimishwa naye kwa maandishi. Visizidi vinne. Iwe ni kwa makosa mazito ya nidhamu, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Binti achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Kukosea kutoa na kujumlisha hakumo humo hata ukisoma kwa darubini. Wenzetu Kenya waliifuta fimbo shuleni tangu 2001. Lakini nakusihi, usimwendee kaka yako ukiwa na kanuni mkononi. Utapata adui, na watoto wa B hawatapata kitu. Isipokuwa mtoto akiumizwa; hapo hakuna kubembelezana, mwambie mkuu siku hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwenye lile nililoliahidi. Mwenzako ana kitu ambacho wewe huna. Watoto 23 kati ya 36 wamefaulu Hisabati kwenye shule ya kata, mahali ambapo somo hili kila mwaka ndilo linalobaki mkiani Baraza la Mitihani, NECTA, wanapotangaza matokeo. Hiyo si kazi ya fimbo. Fimbo haijawahi kumfundisha mtu kugawanya desimali. Kuna namna anavyopanga mazoezi, au anavyosahihisha, au kile anachofanya Jumamosi. Muombe ukakae nyuma ya darasa lake, ukiwa na daftari, kama mwanafunzi. Mwombe kwa unyenyekevu wa kweli, si wa kutafuta makosa. Angalia anatoa mazoezi mangapi, anayarudisha lini, anamwambia nini aliyekosa swali la tatu kabla hajaifikia fimbo. Umeniambia unachofanya kuwaleta watoto, lakini barua nzima hujaniambia hata sentensi moja kuhusu unavyofundisha sehemu wanazoshindwa. Labda uliona si muhimu. Mimi nimeona.

Halafu umkaribishe kwako. Mwenye wivu wa kazi akiona viti 54 vimejaa atauliza mwenyewe. Asipouliza, mwambie jambo moja dogo asiloweza kulikataa: ajaribu wiki mbili kumwingiza mchelewaji ndani, amwadhibu baadaye kama lazima, kwa kuokota karatasi uwanjani au kufuta ubao. Akiona idadi inapanda, mengine mtayazungumza wenyewe.

Kwa mkuu wa shule usiende na uchungu wa kikao, ingawa alikosea kukusema mbele ya watu. Nenda na karatasi moja. Andika walioko kwenye rejista Januari, waliokaa kwenye mtihani, waliofaulu, kwa mikondo yote miwili, bila neno la kumsifu mtu wala kumponda. Mwachie aisome mwenyewe. Mkuu wa shule anaulizwa na Afisa Elimu Kata kuhusu ufaulu, lakini anaulizwa pia kuhusu utoro, na wakati wa upimaji wa Kidato cha Pili kila aliyesajiliwa asiyefika ana safu yake kwenye karatasi ya matokeo. Hao 21 wa mkondo B mwakani hawatapotea kimya kimya kama walivyopotea kwenye mtihani wa ndani.

Ombi lako liwe mahususi. Usiseme "naomba niendelee na mkondo wangu" ukaishia hapo. Sema mngependa kugawana Kidato cha Pili: wewe uingie mikondo yote kwa mada ulizo na nguvu nazo, yeye aingie yote kwa mada alizo na nguvu nazo. Hapo kila mtoto anapata sura zote mbili. Na kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, unapojaza majukumu yako ya mwaka, weka mahudhurio ya kipindi cha Hisabati kama shabaha yako, kwa idadi. Kitu kisichoandikwa mahali kitaitwa malezi hadi ustaafu. Anza pia daftari lako la mahudhurio ya kila kipindi. Rejista ya asubuhi, kama ulivyoona mwenyewe, inasema watoto wa B wapo.

Vocha. Acha kutumia mshahara wako kupigia wazazi 58. Chagua wachache, wale wanaoanza kukosa mara ya pili au ya tatu, kwa sababu hapo ndipo simu inasaidia. Mtoro wa mwezi mzima ni kazi ya mtendaji wa kijiji na bodi ya shule, na hata ukimpigia mzazi wake kila siku hutashinda peke yako. Kuna mambo ambayo mwalimu hayafikii: njaa, umbali, jando na unyago, baba aliyeondoka. Usijibebeshe lawama zake, na usikubali mtu akubebeshe.

Binti wa korosho ndiye aliyeninyima usingizi kuliko mkuu wako wa shule.

Usimwandike "yupo". Najua unampenda, na najua tiki moja ya kalamu inaonekana rehema. Lakini siku akipatwa na jambo njiani au shambani, karatasi ya serikali itasema alikuwa darasani kwako, na hakuna atakayeanza kumtafuta mpaka jioni. Pia utakuwa umeuharibu ushahidi pekee ulio nao mbele ya mkuu, maana mkuu akigundua tiki moja ya uongo atazitilia shaka tiki zako zote 54. Liko lingine pia. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Jina la binti kuwa kwenye rejista, likiwa la kweli na linalofuatiliwa, ni kinga. Mjomba anaweza asijali Hisabati, lakini hilo la miaka 30 analielewa, na kijana wa jirani mwenye bodaboda analielewa pia.

Mwambie binti ukweli: hutaandika uongo, lakini hutamwacha aitwe ofisini peke yake. Kisha nenda kwa mjomba wewe mwenyewe, na mwalimu wa kike mwenzako kama yupo, siku asiyo shambani. Usianze na sheria. Anza na korosho: msimu umekuwaje, mnada wa kwanza wameuza bei gani, AMCOS, chama chao cha ushirika, wamelipa au bado. Yeye anamtumia binti kwa sababu ana mikono michache, si kwa sababu ni mtu mbaya. Ombeni binti aokote mchana baada ya vipindi na Jumamosi asubuhi, na asikose siku yoyote yenye Hisabati na Kiingereza. Hata akikubali nusu ya hayo umepata. Akikataa kabisa, au ukihisi kuna mazungumzo ya kumwoza, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ndiyo hatua inayofuata, na usiichelewe kwa kuona haya. Na lolote likitokea, akumbuke kwamba tangu Novemba 2021 hata binti aliyeacha shule kwa ajili ya mimba anaruhusiwa kurudi. Wengi huku vijijini bado hawajaambiwa.

Karatasi ya mkuu ipeleke kabla shule haijafungwa Desemba, maana ratiba ya vipindi vya mwakani hupangwa likizo, na ukisubiri Januari utakuta majina yameshaandikwa. Kwa mjomba nenda wiki hii.